Kadi ya mkopo na gari la kukodi: nini kinalipwa, nini kinabaki shingoni mwako

Msomaji wetu wa Dallas, Texas, ameandika:

"Shikamoo mtaalamu. Naishi hapa na mume wangu na watoto wawili. Gari letu ni la zamani, tumelikatia bima ndogo tu, ile ya thadi pati. Mwezi ujao tunakodi gari kwa siku sita kwenda harusini Atlanta, na tutaendesha kwa zamu: mimi, mume wangu na shemeji yangu anayeishi Fort Worth. Mara ya mwisho nilipokodi, mhudumu wa kaunta alinibana ninunue kinga ya dola 29.99 kwa siku, nikanunua kwa woga. Shoga yangu kazini ananiambia nilitupa pesa, kwamba kadi yangu ya mkopo ina bima hiyo bure. Kadi ni Visa, kikomo chake dola 3,000. Ni kweli? Na Desemba tunakwenda Mombasa wiki tatu, huko nako tutakodi gari. Kadi itafanya kazi?"

Marahaba, mdogo wangu. Shoga yako hakukudanganya, ila amekupa nusu ya habari, na ile nusu aliyoiacha ndiyo yenye hatari.

Tuanze na kile ulichouziwa. Zile dola 29.99 kwa siku zimeandikwa kwenye mkataba kama CDW au LDW. Kwa hakika si bima. Ni ahadi ya kampuni ya kukodisha kwamba gari lao likigongwa, likikwaruzwa au likiibwa, hawatakudai. Kwa siku sita ungelipa karibu dola 180 kwa ahadi hiyo peke yake. Kadi nyingi za mkopo za Marekani zina kinga inayoweza kusimama mahali pake bila malipo ya ziada, na hapo shoga yako yuko sahihi.

Lakini kinga ya kadi inahusu gari ulilolikodi, basi. Ukiteleza kwenye mvua karibu na Birmingham ukamgonga mtu kwa nyuma, kadi italipia lile la kukodi. Gari la huyo mtu, shingo yake iliyoteguka, siku atakazokosa kazini, wakili atakayemwajiri, hayo yote kadi haiyagusi. Wala haigusi matibabu yako na ya watoto, wala kompyuta iliyoibwa kwenye buti. Wengi wanaoniuliza habari hizi wanaogopa mkwaruzo wa bampa, na sijaona familia iliyofilisika kwa mkwaruzo wa bampa. Madai ya mtu aliyeumia ndiyo yanayofilisi. Nitarudi hapo, maana ndipo ninapotaka pesa zako ziende, kama lazima ziende popote.

Je, kadi yako inayo?

Neno Visa lililoandikwa kwenye kadi halikuambii kitu. Mtandao wa kadi hutengeneza vifurushi vya manufaa, na benki inayotoa kadi ndiyo inayochagua kukichukua kifurushi au kukiacha. Na benki huacha. Discover walifuta kinga hii mwaka 2018, na Citi wakaiondoa kwenye kadi zao nyingi Septemba 2019. Mtu aliyekodi magari miaka kumi akitegemea kadi ileile huenda leo anaendesha bila kitu na hana habari. Kadi za kuanzia, zile ambazo wageni wengi hupewa ili wajenge historia ya mkopo, nyingi hazikuwa nayo tangu mwanzo. Kadi ya debiti usiihesabu kabisa.

Kwa hiyo ingia kwenye akaunti yako ya kadi utafute kijitabu cha manufaa, cha kadi yako hasa, toleo la sasa. Usipokiona, piga namba iliyo nyuma ya kadi uombe kuunganishwa na msimamizi wa manufaa. Usiridhike na jibu la mhudumu wa kawaida wa benki anayekuambia "ndiyo mama, unayo". Anayelipa madai ni kampuni ya bima iliyo nyuma ya benki, na hiyo haijali mhudumu alisema nini, inasoma kijitabu.

Masharti yenyewe hayana fumbo, ila huvunjika kirahisi sana pale kaunta. Mkataba wa kukodi uwe kwa jina lako, wewe mwenye kadi, ukiwa mkodi mkuu. Gharama yote ya kukodi iingie kwenye kadi hiyohiyo. Hapa ndipo ukarimu wetu unapotuponza: shemeji yako akisema "acha nusu niweke kwenye kadi yangu", mwambie ahsante, kisha akutumie pesa zake baadaye kwa Zelle. Ukigawa malipo kati ya kadi mbili umetia shaka kinga yote. Kadhalika ukilipia mtandaoni kwa kadi hii, halafu kaunta ukatoa nyingine kwa malipo yaliyobaki.

Kisha lazima uikatae CDW ya kampuni, yote, kwa maandishi. Ukiinunua, kadi nyingi huchukulia kwamba hukuwa unahitaji kinga yao. Siku hizi sahihi unaitia kwenye kishikwambi, mhudumu anazungumza haraka, foleni nyuma yako inavuta pumzi, na kidole chako kinagonga visanduku ambavyo hukuvisoma. Wahudumu wengi hupata kamisheni kwa kila kinga wanayouza, kwa hiyo usitegemee wakusaidie kukataa. Omba nakala ya mkataba kabla ya kuchukua ufunguo, utafute mstari wa CDW au LDW, uone umeandikwa kwamba umekataliwa na malipo yake ni sifuri. Kama si hivyo, rudi kaunta wakati huohuo. Ukishatoka getini, kurekebisha ni shida.

Kila atakayeshika usukani aandikwe kwenye mkataba. Mume wako huenda asitozwe kitu, maana baadhi ya kampuni kubwa humruhusu mwenzi wa ndoa bure. Shemeji atatozwa kwa siku. Mlipieni. Dereva asiyeandikwa akipata ajali, kampuni inasema umevunja mkataba, na kuvunja mkataba ni mojawapo ya sababu ambazo kila kijitabu cha kadi kinazitaja za kukataa kulipa.

Siku zenu sita hazina tatizo. Kwa kadi za Visa kikomo cha kawaida ni siku 15 mfululizo ndani ya nchi unayoishi na 31 nje. Aina ya gari nayo iangalie. Gari dogo, SUV ya kawaida au vani ya familia hupita. Malori, vani za mizigo, pikipiki, magari ya kifahari na ya kale hayapiti. Mkishawishika kukodi vani ya watu 12 ili muwabebe na jamaa wengine wa harusi, kinga imekwenda, kwa kuwa vijitabu vingi huishia watu 9. Na gari la mtu binafsi kupitia Turo au programu kama hiyo, karibu kadi zote hulikataa, kwa sababu zinataka kampuni inayokodisha magari kama biashara.

Bima yenu ndogo na kinga "ya pili"

Utakaposoma kijitabu utakuta kinga yako ni ya kwanza au ya pili. Ya kwanza hulipa moja kwa moja bila kuihusisha bima yako binafsi. Ya pili husubiri bima yako ilipe, halafu yenyewe inaziba pengo, kwa mfano ile sehemu ya hasara ambayo bima hukuachia wewe. Kadi nyingi ni za pili. Chache zinazojulikana kwa kinga ya kwanza ni kama Chase Sapphire Preferred, yenye ada ya dola 95 kwa mwaka, na Capital One Venture X. American Express kwa kawaida hutoa ya pili, lakini mwenye kadi anaweza kujiandikisha ili kila anapokodi atozwe ada moja, isiyofika dola 25 kwa safari nzima hata ikiwa ya wiki kadhaa, apate ya kwanza.

Mitandaoni utaambiwa ukimbilie kadi ya kinga ya kwanza. Kwa mtu mwenye bima kubwa ushauri huo una maana, kwa sababu hataki bampa la gari la kukodi lipandishe malipo ya bima ya gari lake mwenyewe. Wewe huna bima kubwa. Bima yenu ya thadi pati hailipii gari mnaloliendesha, ni hasara za watu wengine tu. Maana yake hakuna bima ya gari lenyewe ambayo kadi itaisubiri, na kinga ya pili, ikikuta mbele yake hakuna mtu, inalipa tangu dola ya kwanza. Watakutaka ukurasa wa bima yenu unaoonyesha kwamba hamna bima kubwa, basi. Asiye na gari kabisa naye yuko hapohapo. Usitoe dola 95 kununua kitu ambacho hali yako imeshakupa.

Kinachonitia shaka zaidi upande wa gari ni kikomo chako cha dola 3,000. Kinga ya kadi haimzuii mwenye gari kukudai. Inakulipia baada ya yeye kudai. Magari ya leo yana vihisio na kamera ndani ya bampa, na mgongano wa mwendo wa konokono kwenye maegesho unaweza kuleta bili ya maelfu. Kampuni ina namba ya kadi yako na sahihi yako. Inaweza kukata pesa hizo kesho yake, wakati madai yako yanachukua wiki au miezi. Yule aliyenunua CDW anakabidhi ufunguo na kuondoka. Hiyo ndiyo faida yake ya kweli, na kwa mtu asiye na akiba wala nafasi kwenye kadi si faida ya kudharau. Kama dola 2,000 zikikatwa kwa ghafla zitawakosesha kodi ya nyumba, nunueni CDW ya siku sita kwa moyo mweupe. Kama mnaweza kuhimili miezi miwili ya kusubiri, ikataeni.

Bili hiyo, ikija, haitakuwa ya fundi pekee. Kutakuwa na malipo ya gari kulala, yaani pesa ambazo kampuni inasema ingezipata kama gari lisingekuwa gereji. Kadi nyingi huyalipa, lakini kwa sharti kwamba kampuni ionyeshe kumbukumbu za magari yake kuthibitisha kwamba kweli ilikosa gari la kukodisha. Baadhi ya kampuni hazipendi kutoa kumbukumbu hizo, na hapo hubaki mvutano wa barua. Kutakuwa na ada ya ofisi. Na wakati mwingine kutakuwa na madai kwamba gari limeshuka thamani kwa kuwa sasa limewahi kugongwa. Hayo kadi nyingi haziyalipi. Kwa hiyo hata kinga nzuri inaweza kukuachia mia kadhaa.

Shemeji yako

Sasa nirudi kwa watu. Mwaka 2005 Bunge la Marekani lilipitisha kifungu kinachojulikana kama Marekebisho ya Graves. Kabla yake, katika baadhi ya majimbo aliyeumizwa na gari la kukodi aliweza kuishtaki kampuni yenye gari kwa sababu tu gari ni lake. Kifungu hicho kilifunga mlango huo kwa nchi nzima, isipokuwa kampuni yenyewe iwe na kosa. Aliyeumia sasa anamtafuta dereva, na nyuma ya dereva anatafuta bima ya dereva.

Bima yenu ya Texas kwa kawaida inakufuata wewe na mume wako mnapoendesha gari la kukodi ndani ya Marekani na Kanada. Hilo ni jema. Ila tazama kiasi chake. Kama mlikata ile ya chini kabisa inayoruhusiwa na sheria ya Texas, ni dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia, 60,000 kwa ajali nzima na 25,000 kwa mali. Pikapu mpya ya kawaida inayopita kwenye barabara ya I-20 inazidi hizo 25,000. Usiku mmoja wa upasuaji unaweza kuzidi 30,000. Kinachozidi kinafuata mshahara wenu.

Shemeji yako ni habari nyingine. Mikataba ya kawaida ya bima binafsi Marekani inawahesabu kuwa wenye bima wewe na jamaa wanaoishi nyumbani kwako, kwa gari lolote, pamoja na yeyote unayemruhusu kuendesha gari lako mwenyewe lililotajwa kwenye bima. Gari la kukodi halimo kwenye hayo yaliyotajwa, na shemeji haishi kwenu. Akiwa ameshika usukani saa tisa usiku kati ya Shreveport na Jackson nanyi mmelala, bima yenu inaweza kusema huyu si wetu. Atategemea bima yake. Kama hana gari, huenda hana chochote. Jina lake kwenye mkataba linaokoa kinga ya kadi kwa ajili ya gari. Halimpi yeye bima ya watu wengine.

Ndiyo maana nakuambia, zile pesa ulizokuwa ukimpa mhudumu kwa CDW, ukitaka kutumia sehemu yake, nunua kitu kingine palepale kaunta, ambacho kwa kawaida hawakisisitizi sana: bima ya ziada ya dhima, inayoandikwa SLI, LIS au ALI kutegemea kampuni. Hupandisha kinga ya watu wengine hadi mamia ya maelfu ya dola, kwa baadhi hadi milioni, na huwafunika madereva wote walioandikwa kwenye mkataba, shemeji akiwemo. Kwa safari ya karibu maili 800 kwenda na nyingine kurudi, madereva watatu, mmoja wao huenda hana bima, mimi ningeinunua na CDW ningeikataa. Mkiamua shemeji aketi nyuma apige soga, na mkapandisha bima yenu binafsi juu ya kiwango cha chini (tofauti ya bei mara nyingi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani), hata hiyo mnaweza kuiacha.

Bima ya matibabu na ile ya mizigo wanayokuuzia kaunta mara nyingi unayo tayari, kupitia bima yako ya afya na bima ya mpangaji wa nyumba.

Mombasa

Kadi yenyewe haina ugomvi na Kenya. Kila kijitabu kina orodha ya nchi zilizotengwa: kwenye Visa orodha ya kawaida ni Israel, Jamaica na Ireland zote mbili; American Express hutenga Australia, Italia na New Zealand. Kenya haimo, Tanzania nayo haimo. Wiki tatu ni siku 21, chini ya 31. Na kwa kuwa bima yenu ya Texas haivuki bahari, kinga ya pili huko inakuwa ya kwanza kwa kila mtu, hata mwenye bima kubwa Dallas.

Tatizo ni jinsi sisi tunavyokodi gari nyumbani. Binamu anajua mtu. Mtu ana Noah au Fielder nzuri, analeta hadi Uwanja wa Ndege wa Moi, mnakubaliana bei kwa siku, pesa inatumwa kwa M-Pesa, makubaliano ni kupeana mkono na picha ya kitambulisho. Ni rahisi, na pengine ni bei nzuri kuliko kampuni. Ila kwa kadi yako muamala huo haupo. Hakuna kampuni ya kukodisha, hakuna mkataba, hakuna malipo kwenye kadi. Na upande wa Kenya kuna tundu kubwa zaidi: gari lenye bima ya matumizi binafsi likikodishwa kwa pesa, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa, kwa kuwa magari ya kukodisha yana daraja lake la bima, la kibiashara. Unaweza kujikuta barabarani Nyali na gari lenye cheti halali kinachoonekana, na bima isiyokusaidia.

Kama unataka kadi ifanye kazi, kodi kwa kampuni iliyosajiliwa, yenye mkataba wa maandishi na mashine ya kadi, au ulipe mapema mtandaoni kwa kadi hiyohiyo. Ukiulizwa kwenye mashine kama ukatwe kwa dola au shilingi, chagua shilingi. Na uangalie kama kadi yako inatoza ada ya miamala ya nje, maana baadhi huchukua hadi asilimia 3.

Kisha kuna suala la kuikataa CDW. Kenya, tofauti na Dallas, bei ya kukodi mara nyingi huja na bima kubwa ya gari ndani yake, pamoja na eksesi, ule mzigo wa kwanza wa hasara unaobaki kwako. Huwezi kuikataa kwa sababu haiuzwi kando. Baadhi ya kadi katika hali hiyo hulipa eksesi. Nyingine husema kwa kuwa hukuikataa, hakuna malipo. Hili usilikisie. Piga simu kwa msimamizi wa manufaa ukiwa bado Dallas, umsomee mkataba wa kampuni ya Mombasa neno kwa neno, umuulize: eksesi hii mtailipa? Mwombe pia barua inayosema kadi yako inakinga Kenya, gari la aina hii, tarehe hizi. Wanazo barua hizo na hutoa. Muulize na aina ya gari, maana Noah ya viti 7 au 8 iko ndani ya kipimo cha watu 9, ila Hiace ya watu 14 ya kubebea ukoo kwenda Malindi haimo.

Soma vilevile mkataba unakukataza kwenda wapi. Barabara ya murram inayotambulika ni barabara. Kuacha njia ndani ya Tsavo kumfuata simba ni kosa kwenye hifadhi, na ni sababu ya kadi kukataa, kwa kuwa uharibifu nje ya barabara umetengwa. Mkitaka kuvuka Lunga Lunga kuwaona jamaa Tanga, mnahitaji ruhusa ya kampuni kwa maandishi na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hubeba bima ya thadi pati upande wa pili wa mpaka. Bila ruhusa umevunja mkataba, na kadi inaondoka pamoja nao.

Upande wa watu, Texas haikusaidii tena, na SLI ya kaunta ya Marekani haipo. Kinga yako ni thadi pati ya gari lenyewe, ambayo Kenya ni lazima kwa sheria, Sura ya 405. Sheria hiyo inailazimu kampuni ya bima kulipa hadi shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja aliyeumia au kufariki. Kinachozidi hapo kinaweza kukurudia wewe dereva. Uliza kampuni kama bima yao ina kiwango kikubwa zaidi na kwa watu na kwa mali, na uone cheti: daraja lake, namba ya gari, tarehe ya mwisho. Kuajiri dereva wao, kama bajeti inaruhusu, kunahamisha sehemu kubwa ya mzigo huu, na kwa atakayetoka Dallas alikozoea upande wa kulia wa barabara, si anasa.

Ikitokea

Kabla ya kuondoka na gari, Dallas au Mombasa, lipige video ukilizunguka polepole: magurudumu, kioo cha mbele, paa, chini ya bampa, dashibodi yenye maili na mafuta. Rudia wakati wa kurudisha, na mpokeaji awemo kwenye picha ikiwezekana. Usiache ufunguo kwenye kisanduku usiku kama unaweza kungoja asubuhi.

Likigongwa, waarifu kampuni na polisi, usitie sahihi popote kukubali kosa, na siku hiyohiyo fungua dai kwa msimamizi wa manufaa hata kama hujajua gharama. Vijitabu vinatofautiana, na baadhi hutoa siku 30 au 45 tu za kuripoti. Watataka mkataba wa mwanzo na wa mwisho, taarifa ya kadi inayoonyesha malipo yote, ripoti ya polisi, picha, makadirio na bili ya fundi iliyochanganuliwa, barua ya madai ya kampuni, na ule ukurasa wa bima yenu. Waambie kampuni wazi kwamba dai limefunguliwa na uwape namba yake. Mara nyingine hukubali kulipwa moja kwa moja na msimamizi badala ya kukata kadi yako.

Mombasa, ripoti ya polisi ni ile abstrakti. Ichukue mwenyewe kituoni kabla ya kupanda ndege, na uhakikishe namba ya gari na jina lako vimeandikwa sawasawa na vilivyo kwenye mkataba. Kumtuma binamu aifuatilie ukiwa umesharudi Dallas kunaweza kula wiki kadhaa, na siku za kadi zinahesabiwa tangu ajali ilipotokea.